Jinsi ya kumhoji mzee aliyefanya kazi kiwanda cha mkonge, na maswali ya kuuliza mpaka stori itoke

Kama una babu, bibi au jirani aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha mkonge, iwe Tanga, Muheza, Korogwe, Mombo, Kilosa au Lindi huko, mrekodi mwaka huu, usisubiri mwakani. Piga hesabu tu, aliyeanza kazi 1955 akiwa na miaka 18 sahivi anakaribia 90. Na hawa ndo watu waliokuwa ndani ya kiwanda haswa, maana tukisema historia ya viwanda hapa kwetu wengi wanarukia Urafiki na Mwatex, vile viwanda vya nguo vya baada ya Uhuru, wanasahau kwamba mkonge ulikuwa na mashine, king'ora, mnyapara na majeruhi tangu enzi za Mjerumani.

Shida ya mahojiano mengi ni kwamba mtu anakaa na mzee anamuuliza "eti babu, mazingira ya kazi yalikuwaje zamani?" na babu anajibu "kazi ilikuwa ngumu mjukuu wangu, lakini hela yetu tulikuwa tunapata", basi, dakika tano mmemaliza mnaanza kuongelea Simba na Yanga. Sio kwamba hana la kusema, umemuuliza swali la mtihani. Mimi ninachokushauri ni kufuata jani, yaani unaanza na jani la mkonge likiwa shambani unalisindikiza mpaka linakuwa robota linaloenda bandarini, na kila linapopita unauliza nani alikuwa amesimama hapo, ameshika nini, na nani alikuwa anamwangalia. Mzee akishaanza kuonyesha kwa mikono ujue umefika.

Kabla hujaenda

Jipe kazi ya kujua mambo machache, sio ili umfundishe mzee, ni ili uelewe anaongelea kipindi gani. Mkonge wenyewe ulikuja 1893, uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani, na mashamba yote unayoyaona yalianzia hapo. Reli ya kutoka Tanga ilianza kujengwa mwaka huohuo, Mombo ikafika 1905, ndo maana ukiangalia ramani mashamba mengi yamejipanga pembeni ya reli.

Halafu ujue habari ya manamba, yaani vibarua wa mkataba. Watu wa karibu na mashamba walikuwa na mashamba yao, hawakuwa na haraka ya kwenda kumkatia mzungu mkonge, kwa hiyo wafanyakazi waliletwa kutoka mbali, Waha kutoka Kigoma, Wanyamwezi, Wabena, Wangoni, Wamakonde, wengine wametoka Rwanda, Burundi na Msumbiji. 1944 wenye mashamba wakaanzisha ofisi yao ya pamoja ya kuajiri, SILABU, ikawa inakusanya watu mikoani inawasafirisha kwa malori na treni. Kama mzee wako anaishi Korogwe ila jina lake ni la Kigoma au Songea, swali lako la kwanza unalo tayari: ulifikaje huku? Nani alikuja kijijini kwenu, alisema nini, mlipanda nini, mlilala wapi njiani? Safari peke yake inaweza kula nusu saa, mwache.

Na ujue kipande. Hapa nakaa kidogo kwa sababu bila kipande huelewi mshahara wala huelewi saa za kazi. Mfanyakazi alikuwa na kadi yenye nafasi za siku 30, kila siku akimaliza kazi aliyopimiwa anawekewa alama, na hizo siku 30 alitakiwa azimalize ndani ya siku 42. Analipwa kadi ikijaa. Sasa fikiria maana yake, kama leo umekata mkonge toka alfajiri ila mnyapara akasema mizigo yako haijatimia au majani mafupi, huwekewi alama, siku imeliwa, jasho limetoka lakini kwenye karatasi wewe hukuja kazini. Mtu mwenye mkataba wa vipande 12 akidhani atarudi kwao baada ya mwaka, kila kipande kikivuta siku 42 anajikuta kafikisha siku 504. Kwa hiyo usimuulize "mlikuwa mnafanya kazi saa ngapi kwa siku", muulize "kipande chako kilikuwa kinajaa baada ya muda gani?" na "nani alikuwa anaweka alama?". Hapo ndo utasikia majina ya makarani na wanyapara aliowachukia miaka 60 iliyopita, anayakumbuka yote.

Tahadhari moja kwa ndugu zetu wa Kenya, kipande cha kule ilikuwa kitambulisho cha alama za vidole mwanaume anatembea nacho kwa lazima, mambo yake ni mengine, usichanganye ukija kuandika.

Ukifika

Salamu kwanza, shikamoo yako iwe ya maana na ukae chini kama yeye amekaa chini. Nenda asubuhi baada ya chai, mchana wazee wanachoka na jioni nyumba inajaa watu. Sukari kilo mbili na majani ya chai ni adabu tu, ila usimpe hela kabla ya maongezi maana utakuwa umenunua majibu.

Kitu kikubwa kuliko vyote, jieleze umetoka wapi na unataka nini, kwa lugha ya kueleweka. Kwenye vijiji vya mkonge ukionekana na kalamu na karatasi watu wanadhani umetumwa kuorodhesha wanaodai mafao, na mzee akidhani hivo atakusomea namba ya ajira, mwaka wa kuanza na mwaka wa kuachishwa, atakuwa anatoa ushahidi wa kesi na sio stori ya maisha yake. Mwambie waziwazi "babu mi sijatumwa na serikali wala kampuni, sina uwezo wa kufuatilia hela, nataka kujua mlivyokuwa mnaishi ili na wajukuu wajue". Akikataa mshukuru uondoke. Akikubali muombe ruhusa ya kurekodi, afu hiyo ruhusa yenyewe irekodi.

Simu inatosha kabisa. Weka airplane mode ili asipige mtu katikati, iweke juu ya kitambaa karibu na mzee sio karibu na wewe, na kaa mbali na bati kama kuna dalili ya mvua, na mbali na jogoo, mi nakwambia jogoo ameharibu rekodi nyingi kuliko upepo. Mtoto wake au mjukuu akianza kumjibia ("babu alikuwa anaamka saa kumi, si ndio babu?") mtume kwa upole aende kuchemsha chai. Mzee akiteleza akaongea Kiha au Kimakonde usimkatishe, utatafuta mtu wa kukutafsiria baadaye.

Sasa fuata jani

Anzia shambani. Wanakata majani ya chini, wanaondoa mwiba wa ncha, wanayafunga mizigo ya majani 30 kila mmoja. Uliza kazi ya siku ilikuwa mizigo mingapi, na uliza ilibadilika lini, maana ilitofautiana shamba kwa shamba na mwaka kwa mwaka, na ndio ilikuwa chanzo cha ugomvi mwingi. Uliza alikuwa anavaa nini miguuni. Uliza miiba, ikimchoma jichoni au mguuni alikwenda wapi. Uliza kisu, cha kwake au cha kampuni, na kikipotea nani alilipa.

Kutoka shambani mizigo ilipakiwa kwenye tololi, yale mabehewa madogo ya reli nyembamba ya ndani ya shamba, yanakwenda kiwandani. Hapa pita haraka, isipokuwa kama mzee wako alikuwa wa tololi mwenyewe, maana tololi likiacha reli likiwa limejaa hiyo ni stori nyingine.

Ukifika kiwandani sasa punguza mwendo. Kiwanda maana yake ni korona (sio ule ugonjwa, hii mashine ilikuwepo zamani za mababu). Jaribu kuijua ili mzee akiielezea umfuate. Majani yanapangwa mezani yamelala sambamba, yanakamatwa na kuvutwa mpaka kwenye ngoma kubwa ya chuma yenye mapanga butu inayozunguka kwa kasi, inakwangua nyama yote ya nusu ya jani zinabaki singa, yaani nyuzi za mkonge, afu jani linakamatwa upande wa pili na ngoma nyingine inakwangua nusu iliyobaki. Muda wote huo maji yanamwagika kuondoa uchafu. Kwenye kilo 100 za majani unapata kama kilo 3 au 4 tu za singa, kwa hiyo kilo zaidi ya 90 ni maji ya kijani na makapi yanayonuka, yako sakafuni, kwenye mifereji, kwenye nguo zako. Na utomvu wa mkonge unawasha, aliyewahi kuushika anajua.

Kwa hiyo maswali ya korona ni ya mwili. Mimi nauliza hivi, sio lazima kwa mpangilio:

Ulikuwa umesimama upande gani wa mashine, wa kulisha au wa kupokea? Sakafu ilikuwa kavu au maji? Ulivaa viatu? Ngozi ya mikono ilikuwaje baada ya mwezi, mlikuwa mnapaka nini? Mlikuwa mnasikilizana au mnaongea kwa ishara? Ukishikwa na haja katikati ya kazi ulifanyaje, nani alikaa nafasi yako? Na hili usiliache, nani alikuwa anaruhusiwa kuzima mashine?

Hilo la mwisho linafungua mengi. Wengine watakwambia fundi peke yake, wengine mzungu, wengine watakaa kimya kidogo afu waseme "siku ile fulani alipoingia mkono..." Usiruke hapo kwa pupa na "enhe, ikawaje?". Nyamaza. Akiendelea, sikiliza, akibadilisha maneno mwache abadilishe, unaweza kurudi siku nyingine. Akishasimulia ndo unauliza ya utaratibu, alipelekwa wapi, kwa usafiri gani, mashine ilisimama muda gani, alirudishwa kazini, alilipwa chochote, nani aliwaambia ndugu zake. Ukiuliza haya kwa utulivu utaelewa hali ya kazi kuliko ukiuliza "je, mlikuwa mnanyanyaswa", ambalo ni swali lenye jibu ndani yake na mzee akili yake iko sawa anajua unataka kusikia nini, atakupa.

Kutoka korona singa zinatoka mbichi zimelowa, zinakwenda kuanikwa juani kwenye nyaya ndefu. Hapa uliza walioanika ni akina nani, wanaume, wanawake, watoto? Na walikuwa wanalipwa sawa na wa korona? Wengi wanaohoji wanawasahau kina bibi kabisa kwa sababu mkataba wa manamba ulikuwa wa mwanaume, lakini kama mke alikuwa kambini hakuwa amekaa tu. Tafuta nafasi ya kuongea na bibi peke yake, mume akiwepo bibi anamwachia yeye aongee. Muulize posho, ule unga na maharage na chumvi, vilipimwa na nani, vilitosha mpaka siku gani, chumba kilikuwa kimoja na watoto wangapi, maji walichota wapi. Bibi anakumbuka bei, babu anakumbuka mabosi.

Singa zikikauka zinakwenda brashi, mashine inayozichana zinyooke na kung'aa. Brashi ni vumbi. Ukitaka kujua kiwanda kilijali watu wake kiasi gani anzia hapo, mlijifunga nini puani, madirisha yalikuwepo, mtu akianza kukohoa alihamishwa au aliachishwa, kuna siku mlipewa maziwa? Halafu zinapangwa kwa madaraja, zinashindiliwa kuwa marobota, zinapakiwa kwenda Tanga bandarini. Waliopanga madaraja walikuwa wanajiona mabwana kidogo, watachangamka ukiwauliza jinsi ya kutofautisha singa nzuri na mbaya.

Kujua ni mwaka gani

Wazee wengi hawatakwambia "ilikuwa 1951", na ukiwabana kwa tarehe wanakasirika au wanabuni. Tumia matukio. Vita vya Pili. Ile miaka ya Vita vya Korea, 1950 na 1951, bei ya mkonge ilipanda vibaya mno, matajiri wakanunua magari, muulize je na ninyi mliona tofauti? Vyama vya wafanyakazi vilipoingia mashambani mwishoni mwa miaka ya 50, na mgomo wa shamba la mkonge la Mazinde 1958, hapo utajua kama alikuwepo kwa jinsi sauti itakavyobadilika. Uhuru 1961. 1964 vyama huru vya wafanyakazi vilipofutwa ikabaki NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, na mwaka huohuo uzalishaji ulikuwa kileleni, kama tani 230,000, tulikuwa wa kwanza duniani. Azimio la Arusha na utaifishaji wa mashamba mengi 1967. Vita vya Kagera. Afu kushuka, kamba za plastiki zikachukua soko, mashamba yakageuka pori, mwishoni mwa miaka ya 90 nchi nzima ilikuwa inatoa kama tani 20,000.

Kwenye hela pia, muulize noti ilikuwa na picha ya nani. Shilingi yetu ya Tanzania ilianza 1966, kabla ya hapo ilikuwa ya Afrika Mashariki, ambayo noti zake kwa muda mrefu zilikuwa na picha za wafalme na malkia wa Uingereza. Na usiishie kwenye kiasi, "tulilipwa shilingi kadhaa" haina maana bila kujua ilinunua nini, uliza ulihitaji vipande vingapi kupata baiskeli, au doti ya khanga.

Akianza kusifia zamani

Hii itatokea, nakuhakikishia. Mzee aliyekwambia saa moja iliyopita kwamba siku zake zililiwa na mnyapara ataanza kusema enzi za mzungu kulikuwa na nidhamu, hospitali ilikuwepo, posho ilikuja kwa wakati, sahivi hamna kitu. Vijana wengi hapa wanaanza kubishana naye au wanaikata hiyo sehemu kwenye video kwa sababu inawaharibia hoja. Wacha. Mtu aliyeona kiwanda kikifa, mashine zikauzwa chuma chakavu na hela yake ya uzeeni haijulikani iko wapi, ana haki ya kukumbuka king'ora kwa upendo na mnyapara kwa hasira kwa wakati mmoja. Wewe uliza mbele zaidi, hospitali ilitibu nini, ilikuwa inatibu na familia, uliwahi kukataliwa? Utaona sifa zinapata mipaka zenyewe bila wewe kusema neno.

Na usiamini mtu mmoja. Ukipata wa korona mtafute na karani, ukipata karani mtafute mkataji. Karani atakwambia kadi zilijazwa kwa haki. Hao wawili ukiwaweka pamoja kwenye maandishi bila kuamua nani muongo, msomaji atapata picha kubwa kuliko maelezo yako yote.

Ukirudi nyumbani

Siku hiyohiyo hamisha faili, weka sehemu mbili, na kama unatuma kwa WhatsApp tuma kama document ili jina la faili na ubora vibaki vilevile. Andika neno kwa neno, Kiswahili chake usikinyooshe, kama kasema "mashini" andika mashini. Sehemu ambayo husikii weka nukta, usijaze ya kwako. Kama ana kadi ya kipande, barua ya kuachishwa kazi, picha ya kambi, piga picha hapohapo kwake mbele na nyuma, kwenye mwanga wa mlangoni bila flash, usiondoke nayo hata akikwambia chukua, hizo karatasi zina watu wengine kwenye familia wanaozihesabu.

Ukitaka kuongezea maandishi, Nyaraka za Taifa Dar kuna mafaili ya mikoa na idara ya kazi ya enzi za mkoloni, ila yasome ukijua yaliandikwa na upande gani. Faili litakwambia vibarua wametoroka. Mzee wako anaweza kuwa mmoja wa waliotoroka, na atakwambia njia waliyopita usiku.

Majina ya wanyapara na mabosi usiyarushe mtandaoni hivihivi, wana watoto na wajukuu, na mengine huwezi kuyathibitisha. Ya mzee mwenyewe weka kama karuhusu. Mpelekee nakala ya maandishi, msomee kwa sauti kama macho hayaoni, atakusahihisha na mara nyingi ataongeza kitu kikubwa alichokificha mara ya kwanza, kwa hiyo nenda na simu ikiwa na chaji. Na kabla hujaaga muulize nani mwingine wa kiwanda kile bado yupo hai, uandike jina na kijiji papo hapo.